Maisha ya Enelesi Tafwachi Zgambo, Aliyewapeleka Wenzake Kupimwa

Waliopo hapa leo, Alhamisi tarehe 19 Oktoba 2023, nawataja mmoja mmoja, kwa sababu marehemu hakupenda mtu afike mahali asitambuliwe. Yupo Bwana Yoramu Kumwenda, mume wake, ameketi mlangoni. Yupo Wezi, binti yake, ndani pamoja na mwili. Yupo Chawanangwa, mwanawe wa kiume, aliyefika jana jioni kutoka Johannesburg. Yupo Bibi Rhoda Kumwenda, dada wa mume, ambaye nyumba hii yote inamwita shangazi. Yupo Mchungaji Luhanga. Yupo mkuu wa kijiji chetu, Bwana Gwaza Jere. Wapo akina mama wa chama cha kanisa, na karibu kila sare mnayoiona wameivaa imeshonwa na marehemu. Yupo Nesi Tiwonge Soko wa zahanati ya Chalunda. Na yupo Bwana Vitumbiko Mhone, muuguzi wa zahanati hiyo hiyo, mume wa Wezi, ambaye ameketi kule nyuma ya ghala la mahindi, mahali anapoketi mkwe wa kiume kwenye msiba wa mama mkwe wake, na ninamwomba aliye karibu naye amrudie maneno ambayo sauti yangu haitamfikishia.

Mimi ni Daudi Mzondi Zgambo, kaka wa marehemu baba yake, nimeombwa na koo zote mbili kusoma.

Enelesi alizaliwa hapa Kamtondo siku ya Jumapili, tarehe 9 Julai 1972, akiwa mtoto wa nne wa ndugu yangu Lameck Zgambo na mkewe Keziah NyaMoyo, wote wawili sasa marehemu. Jina la Tafwachi alipewa na bibi mzaa baba, na jina la ubatizo alilipata tarehe 24 Desemba mwaka huo huo, ambapo mchungaji aliandika Agnesi, lakini kwa kuwa mama yake alitamka Enelesi, na yeye mwenyewe hakuwahi kuitika Agnesi, nimeandika Enelesi. Ninyi mlimwita NyaZgambo, yaani binti wa ukoo wa Zgambo, na hilo pia ni sahihi.

Alisoma shule ya msingi ya hapa Kamtondo kuanzia mwaka 1979 hadi 1987, akamaliza darasa la nane na kufaulu, lakini nafasi za sekondari kwa wasichana zilikuwa chache na yake haikupatikana, hivyo akapelekwa misheni kujifunza ushonaji kwa Bibi Salome NyaGondwe, alikokaa hadi mwisho wa mwaka 1989, akarudi na cherehani ya miguu ambayo bado ipo ndani ya nyumba hii.

Aliolewa na Bwana Yoramu Kumwenda, fundi mwashi, siku ya Jumamosi tarehe 5 Oktoba 1991. Walijaliwa watoto watatu, Wezi aliyezaliwa mwaka 1993, Chawanangwa aliyezaliwa mwaka 1996, na Lusungu aliyezaliwa mwaka 2000 na kufariki kwa surua mwaka 2002.

Kazi yake ilikuwa kushona, na kwa kuwa alishona sare za chama cha akina mama tangu mwaka 1994, na kukiongoza chama hicho tangu mwaka 2011, hapakuwa na mwanamke katika vijiji vyetu ambaye hajawahi kuzungushiwa futi lake kiunoni. Mtu akipungua mwili, yeye alijua kabla ya mume wa mtu huyo. Mwaka 2013 aliipunguza sare ya Bibi Loveness NyaShumba, akaipunguza tena kabla mwaka haujaisha, na mwaka uliofuata akamshonea nguo ya kuzikiwa, na baada yake wakafuata wengine wawili wa chama hicho hicho kwa maradhi yale yale ya tumbo la chini, ambayo wakati ule tuliyataja kwa kuzungukazunguka. Bwana Yoramu amenieleza kwamba baada ya msiba wa tatu mkewe alikaa mbele ya cherehani bila kuikanyaga, na alipoulizwa alijibu kwamba amechoka kupunguza nguo.

Jumamosi tarehe 16 Agosti 2014, Wezi aliolewa na Bwana Vitumbiko Mhone, mwenyeji wa Rumphi, ambaye wakati huo alikuwa muuguzi pekee wa zahanati ya Chalunda. Tangu siku hiyo marehemu alimheshimu mkwe wake kama tunavyoheshimiana sisi, yaani akimwona kwa mbali anatoka njiani na kujifunika kitenge kichwani, hali naye sima, hamtazami usoni, wala hataji jina lake. Alimwita kijana wa Rumphi. Naye kijana alifanya vivyo hivyo kwa upande wake, alipita nyuma ya nyumba hii na si mbele, na alipokuwa na neno kwa mama mkwe wake alimpa shangazi alifikishe.

Mwezi Aprili mwaka 2016, Bwana Mhone alirudi kutoka masomo mafupi akiwa amefundishwa kuchunguza saratani ya mlango wa kizazi, kazi inayofanywa kwa kupaka siki mahali hapo na kutazama kwa macho, pakigeuka kuwa peupe mgonjwa anatibiwa siku hiyo hiyo kabla ugonjwa haujawa ugonjwa. Siku iliyopangwa ilikuwa Alhamisi. Alhamisi ya kwanza hakufika mtu, na ya pili hakufika mtu, kwa sababu mchunguzi alikuwa mwanamume, tena kijana, tena mume wa Wezi.

Ndipo marehemu alipoanza kwenda nyumba kwa nyumba. Mengi aliyoyasema huko hayasomwi mbele ya wazee, lakini yapo ambayo akina mama wenyewe wameniruhusu niyasome. Bibi Tamala NyaChavula, ambaye yupo hapa, alimwambia kwamba yeye hawezi kumvulia nguo mtoto wa watu.

Marehemu akamjibu, "Saba umezaa, NyaChavula, na waliokuzalisha unakutana nao kisimani kila asubuhi, mnagombania ndoo. Leo ndiyo unaona haya kwa mtu aliyevaa glavu?"

"Na wewe mwenyewe utapanda lini hicho kitanda?"

"Mimi? Kijana wa Rumphi akiniona hata kisigino, nahamia Msumbiji."

Walicheka sana, na Bibi Tamala akaenda Alhamisi iliyofuata, akakutwa na weupe, akatibiwa, akarudi nyumbani kwa miguu yake. Baada ya hapo walikwenda wengine, na marehemu alifuatana nao, akashona kwa mikono yake pazia la chumba cha uchunguzi, la kitambaa kizito kisichoonyesha kivuli, akawa anakaa nje kwenye benchi akiwashikia watoto wao na kuwatania ili wasikimbie. Kila Alhamisi alionekana kwenye benchi lile, na mtu anayeonekana hapo kila wiki hakuna anayefikiri kumuuliza kama naye ameshaingia ndani.

Mtu mmoja tu alijua kwa hakika kwamba hajaingia, naye ni yule ambaye hakuruhusiwa kulitamka. Bwana Mhone alimweleza mkewe, Wezi akaona kwamba si neno la binti kumwambia mama yake, akamweleza shangazi, shangazi akalifikisha, na jibu likarudi kwa njia ile ile kwamba atakwenda kupimwa mjini, kwa watu asiowajua, akimaliza kuvuna. Na ni kweli alikwenda, mwezi Juni mwaka 2017, pamoja na Bibi Rhoda, katika hospitali moja ambayo sitaitaja, wakaambiwa kwamba mwenye kazi hiyo yuko likizo na gesi ya baridi ya kutibia weupe imekwisha, warudi siku nyingine. Mwaka uliofuata mvua ilikuwa mbaya na mavuno hayakuwa ya kumwacha mtu aende popote. Mwezi Septemba mwaka 2019 walifika Chalunda wauguzi wanawake kutoka jijini, kwa siku moja tu, na marehemu ndiye aliyepanga foleni, akawatanguliza waliotoka mbali na wenye watoto mgongoni, akawapikia wageni kuku, na jua lilipoelekea kuzama wageni wakafunga masanduku yao, naye bado anagawa sahani. Shangazi alipomuuliza alijibu kwamba wale wa mbali wasingepata tena nafasi, na yeye yupo hapa hapa. Mwaka 2020 ulikuja ugonjwa wa korona na Alhamisi zikasimamishwa hadi mwaka uliofuata.

Katika muda wote huo Bwana Mhone hakuacha kuomba kwa wakubwa wake apewe muuguzi mwanamke wa kumfundisha, na mwezi Julai mwaka 2021 akaletwa Nesi Tiwonge Soko, kijana mwenye moyo, lakini masomo ya uchunguzi alipangiwa mwezi Januari mwaka uliofuata.

Marehemu alianza kutokwa na damu mwezi Agosti mwaka 2021. Alinyamaza. Bibi Rhoda aligundua mwezi Novemba, kwa kuona nguo zilizoanikwa nyuma ya nyumba chini ya nguo nyingine, akamweleza Wezi, na Wezi safari hii hakungoja, alimweleza mume wake akiwa bado kazini. Bwana Mhone alitoka zahanati na koti lake jeupe, akaja moja kwa moja hadi nyuma ya jiko la nyumba hii, akasimama upande wa nje wa ukuta wa matete, na mama mkwe wake akiwa upande wa ndani anakoroga sima. Nimeelezwa na Bibi Rhoda, aliyesimama pembeni baina yao, na ninayasoma kama alivyonieleza.

Kijana alisema, "Shangazi, mwambie mama kwamba damu hiyo si ya kungoja."

"Anasema damu si ya kungoja."

"Mwambie nimesikia," alisema marehemu.

"Amesikia."

"Mwambie namwomba aniruhusu nimwangalie. Nipigwe faini ya ng'ombe, nifukuzwe hapa, vyote nakubali, lakini nimwangalie leo."

Bibi Rhoda anasema hapo alichoka, akawaambia kwamba wote wawili wana masikio na ukuta ni wa matete, wamwache akapike. Marehemu akasema, "Mwambie huyo kijana ameniheshimu miaka saba na sijaona kosa lake. Akishaniona, atarudije kwa mwanangu jioni? Na mimi nitapita wapi?"

Bwana Mhone alikaa chini, pale pale nyuma ya ukuta, hadi sima ikaiva na kupakuliwa.

Sisi wazee tulikutana Jumamosi ya tarehe 20 Novemba 2021 katika uwanja huu, Bwana Gwaza Jere, Bwana Yoramu, mimi, na wazee wawili wa Mhone waliotoka Rumphi. Hatukubishana kwa muda mrefu. Kijana alitoa mbuzi, sisi tukatoa mbuzi, ikatamkwa mbele ya mashahidi kwamba heshima ile imefunguliwa baina ya wawili hawa kwa ajili ya uhai, na kwamba asiwepo wa kuwacheka. Marehemu akaletwa, akamsalimia mkwe wake kwa jina lake mara ya kwanza, akiwa anatazama udongo, na kijana akaitikia, naye akitazama udongo. Tuliamini tumemaliza kazi. Ilikuwa ndani ya uwezo wetu kuiondoa desturi kwa mbuzi wawili na mchana mmoja, lakini haya iliyomo ndani ya mtu hatukujua inaondolewa kwa kitu gani, na hadi leo sijui.

Alhamisi iliyofuata alikwenda Chalunda akiwa amevaa sare yake. Aliingia nyuma ya pazia alilolishona, akakaa kidogo, akatoka na viatu mkononi, akamwambia Bibi Rhoda kwamba miguu imekataa. Bwana Mhone hakumshurutisha. Alimwita Nesi Tiwonge, ambaye kazi ile alikuwa ameiona ikifanywa lakini hajafundishwa, akampa taa na vifaa, akamwambia aingie yeye, na yeye mwenyewe akasimama upande wa pili wa pazia, ameligeuzia mgongo.

Nesi Tiwonge ameniomba nisome sehemu hii bila kumpamba. Bwana Mhone alimuuliza kutoka nje ya pazia aeleze anachokiona, rangi yake, ukubwa wake, kama pakiguswa panatoka damu. Alieleza. Akamuuliza kama siki inahitajika. Akajibu kwamba hadhani, kwa sababu hata bila siki panaonekana. Kisha akaulizwa swali moja la mwisho, kuhusu pande mbili za ndani, kama ni laini au ngumu, akajibu kwamba ni ngumu, yaani ugonjwa umeshasambaa.

Marehemu akiwa bado amelala akasema, naye safari hii hakumpitishia mtu, "Vitumbiko, sema tu."

"Mama, twende mjini kesho."

"Nimewaleta wote hawa kwako. Ningekuwa wa kwanza kupanda hapa, ungeona weupe tu?"

Nesi Tiwonge anasema hakuona kivuli chake, kwa sababu ya unene wa kitambaa, lakini alimsikia anapumua.

Walikwenda mjini kesho yake, na kutoka huko wakaelekezwa katika hospitali kubwa ya jijini, ambako kipande kilikatwa na kupelekwa kupimwa, na majibu yakaja mwezi Machi mwaka 2022 kwamba saratani imefika hatua ya tatu. Daktari alieleza kwa upole kwamba upasuaji hausaidii tena, kwamba tiba inayofaa ni ya mionzi, kwamba mashine hiyo kwetu haikuwepo na wagonjwa wanapelekwa nchi za nje kwa zamu, na kwamba jina lake limeingizwa. Tulingoja. Bwana Yoramu alisimamisha kazi za ujenzi. Chawanangwa alipiga simu kila Jumapili kuuliza kama zamu imefika, na kila Jumapili nilikuwa na jibu lile lile. Mwezi Februari mwaka huu tuliitwa, tukaenda kwa furaha, na daktari mwingine akamchunguza upya, akasema figo zimeziba na safari haitamfaa tena, akaturudisha nyumbani na barua ya dawa ya maumivu.

Dawa hiyo ilitolewa Chalunda, kwa hiyo aliyeileta alikuwa Bwana Mhone. Aliileta kila jioni, akaiweka juu ya kinu kilichofunikwa pale nyuma, akamweleza shangazi kiasi cha kumpa, akauliza amelalaje, amekula nini, choo kikoje, maswali ambayo muuguzi anamuuliza mgonjwa, akiyauliza kwa mtu mwingine huku mgonjwa akimsikia kupitia dirishani. Mbuzi walikuwa wameshaliwa na hakuna aliyemkataza kuingia. Mara moja alifika hadi kizingitini, marehemu akajaribu kuinuka ili ajifunike, akaumia, akalia, na kijana akarudi nyuma. Hakujaribu tena. Nilimkuta siku hiyo amesimama kwenye shamba la tumbaku na chupa mkononi, nikasimama naye. Aliniambia, "Babu, wanawake wa vijiji vyote hivi nawajua walivyo ndani. Huyu mmoja simjui." Nikamwambia twende nyumbani, jua ni kali.

Hadi mwezi Agosti alikuwa bado anaweza kukaa, na akina mama wa chama walikuja kumsomea na kumtania, na yeye akawatania. Bibi Tamala alimwambia kwamba angehamia tu Msumbiji kama alivyoahidi. Alijibu kwamba alikuwa amefika hadi mpakani, ila waliokuja kumrudisha walikuwa wazito, wamezijaza sare zao. Alimwagiza Wezi aende kupimwa kwa Nesi Tiwonge, ambaye sasa amefundishwa, akamwagiza bila shangazi, mdomo kwa mdomo, na Wezi amekwenda. Tangu mwezi Septemba hakula sima tena, ila uji mwembamba wa mawele, na baadaye maji.

Shukrani ninazitoa hapa, kabla ya mstari wa mwisho, kwa kuwa mstari huo ukishasomwa vijana watainua jeneza. Koo za Zgambo na Kumwenda zinawashukuru madaktari wa jijini, waliosema kweli kwa sauti ya chini. Zinamshukuru Nesi Tiwonge Soko, aliyefanya kazi ambayo hakuwa amefundishwa kwa sababu hapakuwa na mwingine. Zinawashukuru majirani waliochota maji na kupasua kuni tangu mwezi Februari, na Bwana Gwaza Jere aliyetoa mkokoteni na ng'ombe wake kila tulipotakiwa kufika barabarani. Zinawashukuru mafundi wenzake Bwana Yoramu, waliomaliza nyumba ya watu kwa niaba yake. Zinamshukuru Bibi Rhoda Kumwenda, aliyebeba maneno ya watu wawili kwa miaka tisa na hakuongeza lake. Na zinamshukuru Bwana Vitumbiko Mhone, na ninarudia jina hilo kwa sauti ili lifike nyuma ya ghala, kwamba koo hizi mbili hazina neno naye, wala leo wala baadaye, na kesho ni Ijumaa, apumzike, kazini amwachie mwenzake.

Enelesi, binti wa Lameck, mama wa Wezi, wa Chawanangwa na wa Lusungu, ulale bila maumivu, Mungu akupe utulivu.

Enelesi Tafwachi Zgambo alifariki nyumbani hapa Kamtondo, siku ya Jumanne tarehe 17 Oktoba 2023, saa tisa mchana, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja.